Harold Storey, mtaalamu wa Amani nyuma ya muhogo wa Namikonga

Mkulima wa Lupaso anaweza kulitazama shamba lake la muhogo, akaona miti imesimama vizuri, akajua chakula kipo. Siku ya kung'oa anaukata muhogo na kukuta ndani madoa ya kahawia, makavu na magumu kama gome. Hauliki, na hata makopa ya maana hayatoki. Ugonjwa huo ni michirizi ya kahawia. Mtu wa kwanza kuueleza kisayansi alifanya kazi hapa nchini kwetu. Jina lake ni Harold Haydon Storey, Mwingereza, na leo tunawasimulia maisha yake.

Storey alizaliwa mwaka 1894. Mwaka huohuo mtaalamu wa Kijerumani, Otto Warburg, aliandika kuhusu muhogo wa Usambara uliokuwa ukijikunja majani. Huo ndio ugonjwa tunaouita batobato. Hakuna aliyejua wakati ule kwamba mtoto aliyezaliwa mwaka ule angekuja kupambana nao katika milima ileile.

Katika miaka ya 1920 Storey alifanya kazi Afrika Kusini. Huko alichunguza ugonjwa wa milia ya mahindi, ule unaochora mistari myeupe kwenye jani na kulidumaza hindi. Alionyesha kwamba unasambazwa na mdudu mdogo anayeruka kama panzi na kufyonza majani. Mwaka 1928 yeye na mwenzake Bottomley walionyesha pia kwamba rozeti, ugonjwa unaodumaza karanga, huenezwa na vidukari.

Mwaka huohuo wa 1928 alihamia kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, mkoa wa Tanga wa leo. Kituo kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kikawa mikononi mwa Waingereza. Pale Amani, Storey aligundua jambo la ajabu. Wadudu wa milia ya mahindi walifanana kwa macho, lakini wengine waliweza kueneza ugonjwa na wengine hawakuweza. Akawapandisha wao kwa wao, akahesabu watoto wao, na mwaka 1932 akaonyesha kwamba uwezo huo hurithiwa kutoka kwa wazazi. Kisha akawatoboa utumbo kwa sindano nyembamba wale wasioweza. Wakaanza kueneza ugonjwa. Maana yake ni kwamba ukuta wa utumbo ndio uliokuwa ukikizuia kirusi kisipite, na ukuta huo ulikuwa urithi.

Neno hilo, urithi, ndilo lililomwongoza alipogeukia muhogo. Mwaka 1936 alieleza kwamba michirizi ya kahawia ni ugonjwa wake peke yake, tofauti na batobato. Mwaka 1938, mwaka aliozaliwa hayati Benjamin Mkapa hapa Lupaso, Storey na mwenzake R. F. W. Nichols walichapisha utafiti wao kuhusu batobato na namna inavyoenezwa na inzi weupe.

Lakini kujua chanzo cha ugonjwa hakumpi mkulima chakula. Amani walikusanya aina za muhogo kutoka nchi nyingi, wakazipanda na kuzitazama. Zipo zilizostahimili kidogo, ila hakuna iliyotosha. Ndipo wakafanya uamuzi wa ujasiri: wakauchanganya muhogo na ndugu zake wa porini, hasa mti unaotoa mpira aina ya Ceará. Mti huo ni mgumu kwa magonjwa, lakini si chakula. Chotara waliopatikana nao walikuwa wagumu kwa ugonjwa, ila mizizi yao haikufaa. Ikabidi wachanganywe tena na muhogo wa kawaida, kizazi baada ya kizazi, ili ugumu ubaki na mzizi wa kula urudi. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi. Storey na Nichols waliianza, na D. L. Jennings akaiendeleza hadi katika miaka ya 1950.

Tusisahau pia kwamba ule ulikuwa wakati wa ukoloni. Vitalu vya Amani vililimwa na wafanyakazi Waafrika ambao majina yao hayasikiki katika historia hii.

Baada ya Vita vya Pili, utafiti wa Afrika Mashariki ulihamishiwa Muguga, karibu na Nairobi. Huko Storey aliendelea na kazi, akitafuta mahindi yanayorithi uwezo wa kupambana na kutu iliyoingia kutoka Amerika. Alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama kikubwa cha wanasayansi Uingereza. Alifariki mwaka 1969.

Kazi ya muhogo Amani ilisimama, lakini mimea haikufa. Uzao wake ulifika Nigeria, ukatumika kuzalisha aina zinazolimwa leo katika nchi nyingi za Afrika. Mwingine ulibaki kwa wakulima wenyewe. Huku Kusini tuna muhogo unaoitwa Namikonga. Pwani ya Kenya wana unaoitwa Kaleso. Wataalamu walipopima vinasaba waliona kwamba ni muhogo mmoja, na asili yake ni chotara wa Amani aliyepewa namba 46106/27. Kituo kilipoacha, wakulima waliendelea kukata vijiti na kupanda.

Watafiti wa Naliendele, Mtwara, wameuchanganya Namikonga na Albert, muhogo wetu unaoshambuliwa sana na michirizi ya kahawia. Wakatafuta ni sehemu gani za vinasaba zinazoulinda mzizi usioze. Mpunga nao una vinasaba vinavyoamua mizizi irefuke kiasi gani inapotafuta naitrojeni ardhini. Mzizi wa muhogo, vilevile, unasimama au unaoza kwa sehemu kutokana na ulichorithi.

Namikonga hauna kinga kamili. Unaweza kuambukizwa, ila mzizi wake huhimili kuliko wa Albert. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, unapotafuta mbegu ya msimu ujao usitazame majani peke yake. Shina linaweza kuonekana zima huku mzizi umeharibika. Ng'oa kwanza, kata mizizi, itazame ndani. Ukiona madoa ya kahawia, usichukue vijiti vya shina hilo na usimpe jirani. Kijiti kinabeba ugumu wa mzazi wake, na kinabeba pia ugonjwa wake.