Kristen Nygaard, rafiki wa sendika

Kristen Nygaard alizaliwa Oslo, Norwe, mu 1926. Yeye na Ole-Johan Dahl walitunga Simula 67, luga ya kuandikia programu za ordinatere. Luga zingine zinaacha programu irudi mu nafasi yenye imekwisha kufutwa: ni sawa kuingia galeri yenye miti yake imetolewa. Simula haikuruhusu mtu ajitungie anwani, na mashini yenyewe ilifagia tu nafasi zenye hazitumiwe tena.

Miaka ya 1970 alisaidia sendika ya wafanyakazi wa chuma waelewe ordinatere zenye zilikuwa zinaingia kwenye kazi yao. Alikufa 2002.

Sisi watu wa shimo tunajua: usalama hauachiwe akili ya mtu mwenye kuchoka. Unajengwa ndani ya kazi, na mfanyakazi anauelewa.