Semei Kakungulu, mtu wa vita aliyegeukia Torati

Leo tunavuka Ziwa Albert mpaka Uganda, tutazame maisha ya Semei Kakungulu. Tumemchagua kwa sababu ya ulizo linalosumbua mioyo mingi hapa Bule: mtu aliyeishi kwa silaha, je, anaweza kumrudia Mungu? Na akirudi, anarudi kwa njia gani?

Kakungulu alizaliwa karibu mwaka 1869. Alikuwa mwindaji wa tembo, hodari wa bunduki. Katika Buganda alibatizwa na Waprotestanti akapata jina la Semei, ndilo Shimei katika Biblia zetu. Mnamkumbuka Shimei mwana wa Gera, aliyemlaani mfalme Daudi na kumtupia mawe njiani. Daudi aliporudi, Shimei alishuka mpaka Yordani kumlaki, akaungama kosa lake, na mfalme akamwachilia. Tulishike jina hilo, tutalirudia.

Tangu mwaka 1888 watu wa dini mbalimbali walipigania kiti cha Buganda, na Kakungulu alipigana upande wa Waprotestanti. Kisha akawa jemadari pamoja na Waingereza juu ya Kabalega, mfalme wa Bunyoro, jirani yetu ng'ambo ya ziwa. Tarehe 9 Aprili 1899, katika nchi ya Lango, Kabalega alikamatwa pamoja na Mwanga, aliyekuwa mfalme wa Buganda, na askari wa Kakungulu walikuwa katika kazi hiyo. Kabalega alipigwa risasi, mkono wake ukakatwa. Wote wawili walipelekwa mbali katika visiwa vya Shelisheli. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Kabalega alikufa mwaka 1923, akiwa njiani kurudi kwao.

Baadaye Kakungulu aliingia mashariki ya Uganda. Alijenga ngome Budaka, kisha Nabumali na Mbale, akaweka wakubwa Waganda juu ya makabila ambayo hayakuwaita. Alichimba barabara, akapanda migomba na miti. Lakini wenyeji ndio waliolipa, kwa jasho lao, kwa ng'ombe wao na kwa udongo wa baba zao. Yeye alitumaini kwamba Waingereza watamfanya mfalme. Hawakukubali. Walimpunguza kidogo kidogo, wakamwachia maili 20 za mraba pale Mbale.

Mtu aliyezoea kuamuru akabaki na Biblia mkononi. Karibu mwaka 1914 aliingia kanisa lililoanzishwa na Waafrika wenyewe, lile la Malaki Musajjakawa, lililoshika Sabato na kukataa dawa. Aliendelea kusoma vitabu vya Musa, akaona amri ya tohara. Wenzake walimwonya kwamba anayeshika hiyo ni Myahudi. Naye akakubali kuwa Myahudi. Mwaka 1919, akiwa na miaka kama 50, alijitahiri pamoja na wana wake. Mwaka 1922 alitoa kitabu cha sala na maagizo kwa wafuasi wake. Mwaka 1926 mfanyabiashara Myahudi aliyeitwa Yosef alikaa nao miezi kama sita, akawafundisha sikukuu na desturi. Kakungulu alikufa tarehe 24 Novemba 1928.

Sasa tusikilize Wayahudi wanafundisha nini juu ya toba. Neno lao ni teshuva, maana yake kurudi. Kila mwaka wana siku kumi za kujichunguza, na ya kumi ni Siku ya Upatanisho, siku ya kufunga. Alasiri ya siku hiyo wanasoma kitabu cha Yona, ili kila mtu akumbuke kwamba hata Ninawi, mji wenye jeuri, ulihurumiwa. Mwalimu wao mkubwa Musa bin Maimoni, aliyekufa Misri mwaka 1204, aliandika njia hiyo waziwazi. Mtu aache dhambi, ajute, aungame kwa kinywa, na akate shauri asiirudie.

Lakini kuna neno zito. Mungu anasamehe dhambi iliyo kati ya mtu na Mungu. Dhambi iliyo kati ya mtu na jirani yake, kufunga peke yake hakuiondoi. Mkosaji arudishe alichochukua, aende mwenyewe kuomba radhi, hata mara tatu, akiwa na watu wa kumsindikiza. Na kama jirani amekufa? Apeleke watu kumi kaburini, aungame mbele yao, na deni alipe warithi.

Wandugu, hapo tunamwona Kakungulu vizuri. Alimpa Mungu Sabato yake na mwili wake, na hilo si dogo. Lakini Torati ile ile aliyoipokea inauliza juu ya ng'ombe na udongo wa watu wa mashariki. Jina lake lilikuwa limekwisha kumwonyesha njia: Shimei hakungojea nyumbani. Alishuka mtoni, akasimama mbele ya mtu aliyemtupia mawe.

Jumuiya aliyoiacha, Abayudaya, ilijaribiwa. Idi Amin alikataza dini yao. Wengi wakaiacha, wachache wakasali kwa siri. Alipoanguka mwaka 1979, walikusanyika tena. Wapo mpaka leo karibu na Mbale.

Nasi hapa? Usiku wa tarehe 1 kuamkia 2 Februari 2022, katika kambi ya Plaine Savo, watu zaidi ya 50 waliuawa, na wengi wao walikuwa wakimbizi waliokwisha kupoteza kila kitu. Tusiende kwa mjane kumharakisha asamehe. Safari ni ya yule aliyekosa: ashuke kwake, aungame, arudishe. Na aliyekosewa, akiombwa kwa moyo wa kweli, asiufunge moyo wake siku zote, maana naye anahitaji rehema.

Kijana uliyeshika silaha, mlango uko wazi, lakini unapita kwa jirani yako. Wiki hii tusome nyumbani 2 Samweli 19 na Yona 3. Amani ya Mungu ikae Bule na Ituri yote. Amina.