Frank Shuman: fundi aliyepandisha maji ya Nili kwa nguvu ya jua

Mwezi wa sita na wa saba hapa Lubumbashi baridi haina mchezo. Mu komini ya Kampemba, tangu Bel-Air mpaka Bongonga, asubuhi makala inawaka mapema ili watoto wapate maji ya moto ya kuoga. Na wale wenye kuwa na pisini, maji inabaki pale tu, hakuna mtu anatia hata mguu.

Njo maana mafundi wengine wanajaribu kutandika tiyo nyeusi juu ya manjanja, jua ipashe maji, pompi iyazungushe. Swali inakuja kila mara: ni pompi gani ya kununua? Kubwa ama kidogo? Leo tunapenda kujibu kwa kuwaelezea maisha ya mtu mmoja aliyejiuliza swali kama hilo zaidi ya miaka 100 iliyopita, tena hapa hapa Afrika.

Frank Shuman alizaliwa mwaka wa 1862 kule Brooklyn, Marekani. Hakukaa sana shuleni. Akili yake ilikomaa kwenye kazi. Alipofika Tacony, mtaa wa mji wa Philadelphia, alivumbua kioo chenye nyaya ndani yake. Kioo hicho kikipasuka, vipande havianguki juu ya watu. Mwaka wa 1892 akakipatia hati ya uvumbuzi, na kikamletea mali. Wengine wangejenga nyumba kubwa na kupumzika. Yeye mali ile aliitumia kulifuata jua.

Mwaka wa 1907, pale Tacony, aliwaonyesha watu sanduku la chini-chini lililofunikwa na kioo. Ndani yake kulikuwa na tiyo zilizopakwa rangi nyeusi. Humo hakutia maji, alitia eta, dawa inayochemka karibu na digrii 35 tu. Jua likapiga, eta ikachemka, mvuke wake ukazungusha mashine. Ilikuwa mashine ndogo, lakini ilionyesha wazo lake lote.

Wazo lenyewe ni hili. Waliomtangulia walikimbilia joto kali: vioo vikubwa vya bei kubwa vya kukusanya jua mahali pamoja. Shuman aliona kwamba kitu kikiwa moto sana, joto nalo linakimbia sana kwenda mu hewa. Sufuria ya moto inapoa mbio kuliko ya vuguvugu. Kwa hiyo ni afadhali kukusanya joto dogo kwenye eneo pana, na kutafuta mashine inayoweza kufanya kazi na joto hilo dogo. Mashine za wakati ule zilitaka mvuke wenye nguvu nyingi. Basi akatengeneza ya kwake, iliyotosheka na mvuke dhaifu.

Mwaka wa 1911 akajenga mtambo mkubwa zaidi kule Tacony, na safari hii alitumia maji. Mashine ilizungusha pompi iliyopandisha zaidi ya litre 11,000 kwa dakika mpaka urefu wa metre 10 hivi. Mtu mwenye haraka angetaka pompi ya kurusha maji juu kabisa ili watu washangae. Shuman aliunganisha nguvu dhaifu ya jua na kazi inayoipatana nayo: maji mengi, yapande kidogo tu. Ni kazi ya kumwagilia shamba.

Shamba hilo lilikuwa Misri. Kule jua ni kila siku, pamba inataka maji, na makaa ya mawe yalitoka Uingereza kwa bei ya juu. Wenye mali wa London wakatoa feza, lakini wakamwita kwanza mwanasayansi C. V. Boys apime plani. Boys akashauri masanduku yaachwe, mahali pake pawekwe vioo virefu vilivyopindwa kama mfereji, na tiyo ya maji ipite katikati. Shuman akakubali. Pale Maadi, karibu na Cairo, wakasimamisha vioo vitano, kila kimoja na urefu wa metre 62 hivi na upana wa metre 4, vyote vikigeuka polepole kulifuata jua.

Mwaka wa 1912 wakajaribu, na kazi ikaharibika. Tiyo za kupokea jua zilikuwa za zenki. Joto lilipopanda, zikalegea, zikaanza kuinama. Mtambo mzima, bahari ulizovuka, feza za watu, vyote vikasimama kwa sababu ya kitu kimoja ambacho hakikuchaguliwa kwa joto lake. Ikabidi kutoa zenki yote na kuweka chuma.

Mwaka wa 1913 mtambo ukatembea. Wakubwa walikuja kuona, na kati yao Lord Kitchener, aliyeisimamia Misri kwa upande wa Waingereza. Zaidi ya litre 22,000 kwa dakika zilitoka Nili kuingia mashambani, bila kuni wala makaa. Wajerumani nao wakakubali kutoa mark 200,000 kwa ajili ya mtambo kama huo mu koloni yao. Shuman akapiga hesabu kwamba sehemu ndogo tu ya Sahara ingetosha kuipa dunia yote nguvu iliyohitaji.

Kisha ikafika 1914. Vita vikaanza, wahandisi wakarudi makwao, vyuma vya Maadi vikafunguliwa. Shuman alikufa mwaka wa 1918, vita havijaisha bado. Petroli ikashuka bei, na jina lake likasahaulika kwa miaka mingi. Lakini leo, kule Ouarzazate mu Maroko, kuna vioo virefu vilivyopindwa vilevile, vikitoa umeme. Hata hapa kwetu Katanga, mwanzoni mwa miaka ya 1950, pale Kiabukwa, maji ya chemchemi yenye digrii 91 yalizungusha mashine ya umeme. Joto ambalo halichemshi hata sufuria lilifanya kazi.

Basi turudi Kampemba, kwa yule anayetaka kununua pompi.

Kwa pisini, fuata wazo la Shuman: maji mengi yapite mbio, yatoke juu na joto kidogo tu. Maji ikitoka mu tiyo inachoma mkono, usifurahi. Ni alama kwamba inapita polepole na joto inapotelea mu hewa. Tena ujue kwamba kupasha maji digrii moja kunataka nguvu zaidi ya mara 400 kuliko kuipandisha metre moja. Kazi nzito ni ya jua. Kwa hiyo feza yako ongeza kwenye tiyo, usiongeze kwenye pompi.

Kwenye duka, soma vizuri kibandiko. Kama kinaandika metre 20 na litre 40 kwa dakika, usifikiri utapata vyote mbili pamoja. Zile metre 20 ni urefu ambapo maji haitoke tena hata tone. Zile litre 40 ni wakati pompi haipandishe kitu. Kwanza pima urefu toka maji mpaka juu ya manjanja, kisha uulize muuzaji: kwa urefu huu, itatoa litre ngapi? Akishindwa kujibu, tafuta duka lingine.

Na usisahau zenki ya Maadi. Pompi zingine ziko na plastiki ndani ambayo inapinda kwa joto. Uliza inavumilia digrii ngapi, na uiweke upande wa maji ya baridi, pale inapotoka mu pisini, hapana pale inaporudi toka juu. Ukiweza, uiunganishe moja kwa moja na pano ya jua. Jua ikitoka, itazunguka. Jua ikizama, itasimama yenyewe. Hiyo ni muhimu, juu pompi inayozunguka usiku inapeleka maji kwenye tiyo za baridi na kupoteza joto ya mchana yote. Tena haitangoja umeme urudi.

Shuman alikuwa na mali, alikuwa na wahandisi, na bado zenki ilimwangusha mwaka mzima. Sisi hatuna mwaka wa kupoteza wala dola za kutupa. Tupime kwanza, tununue nyuma.