Ibn Battuta: Mgeni wa Miji Mingi

Wapenzi wasomaji, katika ukurasa huu wa maisha ya watu mashuhuri, mwaka huu tumekuleteeni habari za msafiri ambaye jina lake limo midomoni mwa wengi, lakini maisha yake yanajulikana na wachache. Huyu ni Abu Abdillah Muhammad bin Abdillah al-Lawati, maarufu kwa jina la Ibn Battuta, Mwenyezi Mungu amrehemu. Watu humsifu kwa wingi wa miji aliyoiona. Sisi tunapenda tumtazame kwa upande mwingine, nao ni jinsi wenyeji wa miji hiyo walivyompokea, kwani hayo ndiyo aliyoyahifadhi moyoni mwake hata majengo yalipoporomoka.

KUONDOKA KWAO

Alizaliwa katika mji wa Tanja, nchini Morocco, tarehe 17 Rajab 703 Hijria, sawa na 24 Februari 1304. Ukoo wake ulikuwa wa makadhi, naye alisomeshwa fiqhi ya madhehebu ya Imam Malik. Mwezi wa Juni 1325, akiwa na umri wa miaka 21, aliwaaga wazazi wake, wote wawili wakiwa hai, akatoka peke yake kwenda kuhiji. Kuagana huko kulikuwa kuzito kwake na kwao, na hawakuonana tena hapa duniani.

Njiani alishikwa na homa kali hata ikabidi ajifunge kwenye tandiko la mnyama wake kwa kitambaa cha kilemba ili asianguke. Msafara aliojiunga nao ulipofika Tunis, watu wa mji walitoka kuwalaki. Kila mmoja alisalimiwa na anayemjua, ila yeye hakuna aliyemtazama. Akashindwa kujizuia, akalia. Haji mmoja akaliona hilo, akamsogelea, akamsalimia na kumliwaza kwa mazungumzo mpaka wakaingia mjini. Jina la haji huyo hatulijui. Lakini salamu yake Ibn Battuta hakuisahau, na miaka 30 baadaye aliieleza ikaandikwa.

MAGOFU NA WATU

Mwaka 1326 alifika Iskandaria, nchini Misri. Huko aliuona ule mnara wa taa wa kale uliokuwa ukiongoza marikebu, na upande wake mmoja ulikuwa umekwisha kubomoka. Alipopita tena mwaka 1349, aliukuta umeharibika kabisa, hata mlango wake haufikiki. Katika mji huo huo alimzuru Sheikh Burhanuddin, mtu wa ibada, ambaye alimtabiria kwamba atafika Bara Hindi na Uchina na kuwaona ndugu zake sheikh walioko huko. Kabla ya siku hiyo kijana huyu hakuwa na fikra ya kwenda mbali hivyo.

Alitimiza hija yake ya kwanza mwaka huo wa 1326. Badala ya kurudi kwao, alishika njia ya Iraq na Uajemi. Baghdad aliyoiona mwaka 1327 haikuwa tena ile ya makhalifa, kwani Wamongolia waliibomoa mwaka 1258, na sehemu kubwa ya upande wa magharibi ilikuwa magofu. Alijiwekea kanuni ya kutopita njia moja mara mbili kila alipoweza.

KUFIKA PWANI YETU

Ndugu wanafunzi, hapa ndipo habari zake zinapotugusa sisi. Mnamo mwaka 1331 alipanda jahazi kutoka Aden, akapitia Zeila, akafika Mogadishu. Desturi ya mji huo ilikuwa kwamba jahazi likitia nanga, vijana huliendea kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Anayempa mfanyabiashara sahani hiyo ndiye huwa mwenyeji wake. Walipoambiwa kuwa Ibn Battuta si mfanyabiashara bali ni mwanachuoni, kadhi mwenyewe alishuka ufukweni pamoja na wanafunzi wake kumpokea. Baada ya kupelekewa salamu Sultani, mgeni alipewa malazi katika nyumba iliyotengwa kwa ajili ya wanafunzi wa dini. Huko alikula wali wa samli, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, ndimu za achari, pilipili na maembe. Naam, mgeni huyu mkubwa alilazwa katika nyumba ya wanafunzi kama ninyi.

Mombasa alilala usiku mmoja tu. Aliwakuta watu wake ni wacha Mungu, wafuasi wa Imam Shafi, na misikiti yao ni ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Penye milango ya misikiti palikuwa na visima vya kunawia miguu kabla ya kuingia.

Kutoka hapo alifika Kilwa, iliyotawaliwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abul-Mawahib, yaani mwenye vipawa vingi, kwa sababu ya ukarimu wake. Siku moja ya Ijumaa, baada ya sala, fakiri mmoja kutoka Yemen alimwomba Sultani nguo alizokuwa amezivaa. Sultani aliingia katika chumba cha khatibu, akabadilisha nguo, akampa. Alipofariki, alitawala ndugu yake Daud, ambaye mkono wake ulikuwa mzito. Mfalme huyu na yule, kila mmoja ameachiwa sifa yake.

BARA HINDI, UCHINA NA KURUDI

Mwaka 1333 aliingia Bara Hindi, na Sultani Muhammad bin Tughluq wa Delhi akamfanya kadhi. Baada ya miaka kama minane alitumwa awe balozi wake Uchina. Safari hiyo ilijaa misukosuko. Majambazi walimteka, na alipotoroka akatangatanga siku kadhaa kwa njaa na kiu, mpaka mtu asiyemjua alipombeba mgongoni na kumfikisha kijijini. Kisha dhoruba ikavunja chombo pwani ya Calicut, na zawadi za Sultani zikapotea. Akawa kadhi tena katika visiwa vya Maldives, kisha akaendelea na safari mpaka Uchina.

Mwaka 1348, akiwa Damaskasi njiani kurudi, alipata habari kwamba baba yake alifariki miaka mingi nyuma. Mwaka huo tauni kubwa ilikuwa ikiwamaliza watu wa miji hiyo. Alipofika Morocco mwaka 1349, alikuta mama yake naye amefariki kwa tauni hiyo muda mfupi tu kabla. Hiyo ndiyo gharama ya safari zake, na hatupendi kuificha.

Baada ya kwenda Andalusia, na kisha Mali kuvuka jangwa la Sahara, alirejea Fez mwaka 1354. Sultani Abu Inan alimwamuru asimulie aliyoyaona, na mwandishi Ibn Juzayy akayaandika, kazi ikamalizika Desemba 1355. Wanachuoni wamegundua kwamba baadhi ya maelezo ya Damaskasi na Makka yalichukuliwa katika kitabu cha Ibn Jubayr, na wengine wana shaka juu ya habari za Uchina. Hata hivyo, kwa Kilwa na Mombasa za zama hizo, hatuna shahidi mwingine wa aina yake. Alimalizia umri wake akiwa kadhi nchini kwao.

MAZINGATIO

Leo anayekwenda Kilwa Kisiwani ataona magofu ya Msikiti Mkuu na ya jumba la Husuni Kubwa, ambayo yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Mawe hayo hayawezi kutuambia kwamba Sultani alivua nguo yake akampa fakiri. Hilo tumelijua kwa sababu mgeni alipita, akapokewa vizuri, na akasimulia.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi ndugu wanafunzi, akija mwenzenu mgeni madrasani, hamjui ni yupi atakayewataja miaka 30 ijayo, wala atawataja kwa lipi. Mtangulieni kwa salamu.

Wabillahi tawfiq.