Bustani ya Zundert

Watu wengi wanamjua Vincent van Gogh juu ya sikio lake. Alilikata yeye mwenyewe mwezi wa 12, 1888, kule Arles, Ufaransa, na tangu siku ile sikio limefunika habari zingine zote. Leo tuzungumze bustani.

Alizaliwa tarehe 30 mwezi wa 3, 1853, Zundert, kijiji cha Uholanzi karibu na mpaka wa Ubelgiji. Baba alikuwa pasta wa Waprotestanti. Mwaka mmoja kamili mbele yake, tarehe ile ile, mama Anna alizaa mtoto aliyetoka amekufa. Naye aliitwa Vincent. Wakamzika kando ya kanisa, na huyu wa pili akakua akiona jina lake mwenyewe juu ya jiwe la kaburi. Nyuma ya nyumba kulikuwa bustani. Mama alipenda kuchora maua kwa rangi ya maji. Katika nyumba ile, mkono wa kuchora ulianzia kwake.

Kazi zilimshinda: duka la picha, ualimu, hata kuhubiria wachimba makaa ya mawe wa Borinage, Ubelgiji. Kule aligawa nguo zake, akalala kwenye kibanda, na wakubwa wa misioni wakaona anazidisha, wakamwacha. Mwaka 1880 akaamua kuwa mchoraji, na miaka 27 tayari. Mwisho wa 1881 Anton Mauve, mume wa binamu yake, akamfundisha rangi ya maji kule The Hague. Rangi hii haina huruma, ukikosea karatasi inashika kosa. Kisha wakakosana, sawa vile alikosana na wengi. Theo, mdogo wake, njo alimlisha kwa pesa za kila mwezi.

Sasa turudi Arles. Akiwa mgonjwa, kichwa kimevurugika, hakuona Ufaransa. Aliona Zundert: kila chumba, kila njia ya bustani, kila mmea, majirani, kanisa, makaburi, mpaka kiota cha ndege kwenye mti mrefu. Kisha akamwandikia Theo kwamba wanaokumbuka mambo yale ya zamani wamebaki paka wawili, yeye na mama. Theo alikuwa mdogo kwake kwa miaka minne. Hakuweza kumsaidia kukumbuka.

Mwezi wa 1, 1890, akiwa hospitali ya Saint-Rémy, muke wa Theo ana mimba, alichora picha akifuata ya Millet: baba ameweka jembe chini bustanini, amefungua mikono, mama anashika mtoto anayejaribu hatua za kwanza. Tarehe 31 mwezi ule mtoto wa Theo akazaliwa. Wakamwita Vincent.

Baba mkubwa wake alikufa tarehe 29 mwezi wa 7, na miaka 37. Theo akamfuata miezi sita nyuma. Yule mtoto alizeeka, na picha zikaingia katika jumba la Amsterdam lililofunguliwa 1973.