Dutton: Daktari aliyeuawa na homa aliyoichunguza

JOSEPH Everett Dutton alifariki Februari 27, 1905, huko Kasongo, mashariki mwa Kongo, akiwa na umri wa miaka 30 tu. Homa iliyomwua ndiyo aliyokuwa akiichunguza.

Alizaliwa Uingereza mwaka wa 1874 na kusomea udaktari Liverpool. Mwaka wa 1901, akiwa Gambia, alitambua katika damu ya mgonjwa kijidudu ambacho baadaye kilithibitishwa kuwa chanzo cha malale.

Mnamo 1903 alitumwa Kongo pamoja na John Lancelot Todd, daktari kutoka Kanada, kuendeleza uchunguzi wa malale. Wakiwa safarini walikutana na homa nyingine. Ilimshika mtu siku chache, ikamwacha akidhani amepona, kisha ikamrudia. Aliyeshukiwa ni papasi, kupe wa nyumba za udongo ajifichaye katika nyufa mchana na kunyonya damu usiku.

Dutton na Todd waliwaacha papasi wawaume tumbili, nao tumbili wakaugua. Hata papasi wachanga, waliozaliwa na mama mwenye vijidudu, waliweza kuambukiza. Nchini Uganda, Ross na Milne nao walikuwa wamemtambua papasi mwaka wa 1904, kila upande ukifanya kazi peke yake.

Ujuzi huo ulikuwa na gharama. Madaktari wote wawili waliambukizwa. Todd alipona, akachapisha matokeo ya kazi yao. Dutton hakuinuka tena.

Homa ya papasi ina ndugu yake, ienezwayo na chawa wa mwilini, ambayo imeua watu wengi nyakati za vita na njaa. Chawa huyo haambukizi kwa kuuma, bali apondwapo mtu anapojikuna, vijidudu hupenya ngozini. Utafiti wa jeni wa mwaka 2008 ulionyesha kuwa kijidudu cha chawa ni jamaa wa karibu mno wa kile cha papasi, kiitwacho Borrelia duttonii kwa heshima ya daktari huyo.

Siku hizi antibayotiki huiponya homa hii. Hatari ni kuidhania kuwa malaria na kumpa mgonjwa dawa isiyomfaa. Kinga dhidi ya kosa hilo ni ileile aliyoitegemea Dutton: tone la damu chini ya darubini.