Arthur Conan Doyle: Mtunzi Aliyefunzwa Kutazama

Katika makala haya tunakusudia kueleza maisha ya Arthur Conan Doyle, mtunzi wa hadithi za mpelelezi Sherlock Holmes. Tumemchagua kwa kuwa katika maisha yake mna jambo linalotuhusu sisi walimu: kazi iliyompa jina duniani kote ilichipuka katika somo la mwalimu wake.

Doyle alizaliwa Edinburgh, Uskochi, tarehe 22 Mei, 1859. Baba yake, Charles, alikuwa karani wa serikali na mchoraji, lakini ulevi ulimharibia kazi na afya, hata akaishia katika hospitali za wagonjwa wa akili. Fedha nyumbani zilikuwa haba. Hata hivyo alikuwamo mama, Mary, aliyekuwa hodari wa kusimulia. Kila hadithi ilipofika mahali pa kutisha aliishusha sauti ikawa mnong'ono, na mtoto akashika pumzi. Ukubwani Doyle alikiri kwamba mapenzi yake ya hadithi yalianzia hapo.

Mwaka 1876 aliingia Chuo Kikuu cha Edinburgh kusomea udaktari, na huko akakutana na Joseph Bell, daktari mpasuaji. Bell alimteua kuwa karani wake, awaandikishe wagonjwa wa nje na kuwaingiza mmoja mmoja. Siku moja aliingia mgonjwa aliyevaa nguo za kiraia. Kabla hajaeleza lolote, Bell alimwambia kwamba alikuwa askari, kwamba alitoka jeshini karibuni, na kwamba alipata kukaa kisiwa cha Barbados. Mgonjwa alikubali yote. Wanafunzi walipigwa na bumbuazi kana kwamba wameona uganga. Ndipo Bell alipowafungulia fumbo. Mtu yule alikuwa na heshima, lakini hakuvua kofia, kama ilivyo desturi ya askari. Lau angalitoka jeshini zamani, angalikwisha kuzoea desturi za raia. Tena alikuwa na matende, ugonjwa wa visiwa vya Karibi wala si wa Uskochi.

Na tuutazame utaratibu wa somo hilo. Bell alianza na kitu kilicho mbele ya macho, akatoa maana yake, akaithibitisha kwa kumwuliza mwenyewe, na mwisho akaeleza njia aliyopita. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo iliyougeuza mchezo kuwa mafunzo.

Doyle hakutajirika kwa udaktari. Mwaka 1880 alisafiri bahari za kaskazini kama tabibu wa meli ya kuvua nyangumi, kisha akaenda na meli nyingine pwani ya Afrika Magharibi, ambako homa ilimlaza. Mwaka 1882 alifungua zahanati Southsea, katika mji wa Portsmouth. Wagonjwa walikuwa wachache, na saa za kungoja zikawa saa za kuandika. Riwaya ya kwanza ya Holmes aliiandika mwaka 1886. Wachapishaji kadhaa waliikataa. Aliyeikubali alimlipa pauni 25 tu kwa haki zote, nayo ikatoka mwaka 1887. Mwaka 1891 alihamia London kuwa daktari wa macho, lakini wagonjwa hawakuja. Mwaka huo huo aliuacha udaktari, akaishi kwa kalamu.

Juu ya hadithi za upelelezi alikuwa na mawazo yake. Alimheshimu sana Edgar Allan Poe, Mmarekani aliyemtangulia katika fani hiyo. Lakini katika hadithi nyingi aliona kasoro moja: mpelelezi hufaulu kwa bahati, na msomaji haonyeshwi jinsi alivyofika. Yeye alitaka mpelelezi afikiri kama Bell na kueleza kama Bell. Aidha, aliona kuwa hadithi zinazotoka kwa mfululizo katika jarida yafaa ziwe na mhusika mmoja, lakini kila moja ikamilike yenyewe, ili aliyekosa toleo asipotee njia. Katika kutunga alianza na mwisho, kisha akatafuta namna ya kuuficha. Nasi vivyo hivyo huanza na lengo la somo, ndipo tukapanga hatua. Mwaka 1892 alipotoa mkusanyiko wa kwanza wa hadithi fupi za Holmes, alimtunukia Bell kitabu hicho.

Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe aliiona fani hii kuwa duni. Fahari yake ilikuwa riwaya za kihistoria, ambazo alizitafiti kwa bidii kubwa. Mwezi Desemba 1893 alimwua Holmes katika maporomoko ya maji huko Uswisi ili apate nafasi ya kazi aliyoiona bora. Wasomaji walighadhibika, na wengi wakaacha kununua jarida. Mwaka 1901 alianza kutoa riwaya nyingine ya Holmes, na mwaka 1903 akamfufua kabisa. Hadithi ya mwisho ilitoka mwaka 1927. Kwa jumla ni riwaya 4 na hadithi fupi 56. Kwa maoni yetu, wasomaji waliona sawa: fani inayomfanya mtu afikiri si duni.

Elimu ile ya kutazama iliwahi kumwokoa mtu. George Edalji, wakili Mwingereza ambaye baba yake alitoka India, alihukumiwa mwaka 1903 kifungo cha miaka 7 kwa kumjeruhi farasi usiku. Doyle alipokutana naye mwaka 1907 alimkuta akisoma gazeti ameliweka karibu mno na uso. Kwa macho mabovu kiasi hicho angewezaje kupita mashambani gizani? Doyle aliandika magazetini, na mwaka huo huo Edalji akasamehewa. Lakini Doyle huyo huyo, mwaka 1920, alisadiki picha za vijimalaika zilizopigwa na wasichana wawili, kwa sababu alitamani ziwe za kweli. Jicho lililofunzwa nalo hupofushwa na matamanio. Doyle alifariki tarehe 7 Julai, 1930.

Mbegu ya Bell ilifika hata kwetu. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alimtunga Bwana Msa, mpelelezi mvuta kiko kama Holmes, na riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ilichapishwa mwaka 1960.

Mwalimu wa shule ya msingi hahitaji vifaa vya gharama kuifuata njia hii. Na aweke mezani jembe lililochakaa, awaulize watoto mwenyewe ni mtu wa namna gani. Kila jibu na lifuatwe na swali moja: umejuaje? Mtoto anayeshindwa kujibu asikemewe, bali arudishwe kwenye jembe akatazame tena.